Mpopoo usio na popoo: kutunza areka na ndugu zake ndani ya nyumba

Nilipoingiza sebuleni areka yangu ya kwanza, bibi alikuwa amekuja kutoka Pangani kutibiwa macho, amekaa mkekani, kijaluba chake cha tambuu pembeni. Aliutazama mmea juu hadi chini.

"Huu nao mti gani?"

Nikamjibu kwa kujitapa kwamba unaitwa areka, na kwamba kwa wataalamu areka ndiyo mpopoo.

"Mjukuu wangu, mpopoo mimi naujua," akasema, popoo iko shavuni. "Huu si mpopoo. Na hivyo unavyoumwagia maji, utauozesha."

Yote mawili alipatia. Mpopoo wa tambuu ni Areca catechu, shina lake moja tu, refu, limenyooka kama mlingoti. Kile kinachouzwa mjini kwa jina la areka ni Dypsis lutescens, ambao siku hizi wataalamu wanauita Chrysalidocarpus lutescens. Asili yake ni mashariki mwa Madagaska, na unachipua mashina mengi kwa pamoja kama mianzi, mabua ya makuti yake yakipiga njano. Huo wangu ulidumu miezi mitatu. Sababu nitaieleza nikifika kwenye maji.

Kuna jambo moja la kulijua kabla hujatoa hela. Mwembe ukiukata juu unachipua ubavuni. Mnazi ukiukata kilele umekwisha. Moyo wake, ile nyama nyeupe laini tunayoiita kichilema, ni mmoja tu, na makuti yote yanazaliwa humo. Jamii nzima iko hivyo, hata mmea wa sentimita thelathini juu ya meza. Kwa hiyo usiufupishe kwa kuukata juu ukidhani utatanuka, na usimwagilie maji katikati ya makuti yakatuama humo. Ukitaka kujua hali yake, tazama kuti la katikati, lile linalotoka limefunga kama mwavuli. Likiwa kijani na gumu, mmea u mzima. Ukilivuta kidogo likachomoka lenyewe, kitako chake kimeoza na kinanuka, shina hilo limekufa hata kama makuti ya chini bado yanapendeza.

Hatua ya kwanza: chagua kwa mahali ulipo, si kwa picha

Areka ndiyo inayopatikana kila bustani ya maua barabarani, na bei yake inabebeka. Inataka mwanga mwingi usio wa jua kali. Ukiwa na dirisha kubwa au kibaraza chenye kivuli, chukua hiyo.

Kama sebule yako ina giza kiasi, tafuta kentia, Howea forsteriana, inayotoka kisiwa cha Lord Howe huko Australia. Inakua polepole mno, ndiyo maana bei yake inauma, lakini inavumilia mwanga hafifu na baridi kuliko areka. Watu wa Njombe, Iringa, Limuru na kwingineko kwenye baridi ya Juni na Julai, hii ndiyo yenu. Areka hukaa vibaya joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi.

Kwa meza au kona ndogo kuna Chamaedorea elegans ya Meksiko na Guatemala, mmea mdogo, mpole, usio na makuu. Na kwa ofisi yenye kiyoyozi kinachonguruma kutwa, mimi ningechukua Rhapis excelsa, wenye majani kama viganja vilivyokunjuliwa. Unavumilia mengi.

Mtende mdogo wa mapambo, Phoenix roebelenii, ni ndugu wa mtende wenyewe na wa mkindu wetu wa mikeka. Ni mzuri sana, ila chini ya kila kuti una miiba kama sindano za kushonea magunia. Penye watoto wanaotambaa, uache dukani.

Halafu kuna ule mfupi wenye makuti magumu yaliyopangika duara, Cycas revoluta. Wauzaji wanauweka pamoja na hii mingine, lakini si wa jamii ya mnazi hata kidogo. Ni ndugu wa mtapo, na una sumu, mbegu zake hasa. Mbwa akizitafuna anaweza kufa. Areka, kentia na Chamaedorea hazina shida hiyo. Paka akiyatafuna makuti, hasara ni ya makuti.

Na wale wanaokuuzia mche wa mnazi ukiwa bado umeshikana na nazi yake, ndani ya chungu kizuri: utaishi kwa akiba ya ile nazi, kisha utaanza kudai jua la ufukweni ambalo sebule haina. Mpelekee mjomba shambani.

Ukiwa bustanini, geuza makuti utazame chini yake. Tikisa shina taratibu. Likicheza kama jino bovu, mizizi haipo. Hesabu pia mashina. Areka nyingi za viriba ni miche kumi au ishirini iliyopandwa pamoja ili ionekane imeshiba. Baadhi itakufa kwa kubanana, na hilo si kosa lako. Usijaribu kuitenganisha uzipate nyingi, maana mizizi yake imesukana na ikikatika ovyo mmea unachukia kwa miezi.

Hatua ya pili: uache utulie, kisha chungu

Ukifika nyumbani usihamishe kitu kwa wiki mbili au tatu. Mmea umetoka kwenye unyevu na upepo wa bustani, umeingia kwenye nyumba yenye feni. Jani moja mawili yakigeuka njano ni ugeni tu.

Baada ya hapo, kama ulikuja kwenye kiriba, uhamishie kwenye chungu kilichozidi kiriba kwa vidole vitatu hivi upana, si zaidi. Chungu kikubwa mno hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia, na ubichi huo ndio uozo wa kesho. Lazima kiwe na matundu chini. Hapo sina mjadala.

Udongo wangu ni huu: kopo mbili za udongo mweusi wa bustani au mboji iliyoiva vizuri, kopo moja ya vumbi la makumbi, kopo moja ya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa. Makumbi yana mtego wake. Mengi ya pwani yamefukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike kwa kusokotea kamba, kwa hiyo yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye ndoo usiku kucha, mwaga maji, rudia mara tatu. Mara ya kwanza maji yatatoka na rangi ya chai ya rangi; yakifika rangi ya chai ya mgonjwa, yanatosha. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, hata kama uko hatua kumi kutoka mlangoni.

Kiriba kichane kwa wembe ubavuni, usiuvute mmea kwa shina. Uweke kwa kina kilekile uliokuwa nacho. Ukiuzamisha zaidi ili usimame imara, shina huoza. Shindilia kwa vidole, sio kwa ngumi, kisha mwagilia hadi maji yatoke chini.

Huu ukishakaa, hutauhamisha tena kwa miaka miwili au mitatu. Jamii hii haichukii kubanwa kidogo. Mizizi ikianza kuchungulia kwenye matundu na maji yakipita bila kunyonywa, ndiyo wakati.

Hatua ya tatu: mwanga

Vitabu vingi vimeandikwa Ulaya, vinasema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Kwetu jua linahamahama. Ukiwa Dar es Salaam, mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini mwako, mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Kona iliyokuwa salama wakati wa kusi inaweza kuunguza makuti kaskazi ikiingia. Dirisha la mashariki halina matata, kwa sababu jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi ni laini.

Kipimo changu: saa sita mchana nyoosha mkono juu ya mmea, kama futi moja. Kivuli kikiwa cheusi chenye ncha za vidole, hapo ni pakali mno kwa areka. Kikiwa hafifu lakini unakiona, ni penyewe. Usipoona kivuli kabisa, weka kentia au weka kinyago.

Usiutoe mmea wa ndani ukauanika juani siku moja ili "upate vitamini". Majani yaliyolelewa kivulini yanababuka kwa saa chache, yanakuwa meupe kama karatasi, na hayarudi. Ukitaka uzoee jua, anza na nusu saa ya asubuhi, ongeza kidogokidogo kwa wiki tatu. Na kila wiki ugeuze chungu robo duara, usije ukawa na mmea uliopinda shingo kuchungulia nje.

Hatua ya nne: maji

Areka yangu ya kwanza niliitumbukiza, na kiriba chake, ndani ya chungu cha kauri cheupe kisicho na tundu. Kilikuwa kizuri. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikimiminia kikombe cha maji, nikajiona mlezi. Majani yalipoanza kuwa njano nikaongeza kikombe cha jioni. Siku niliyokuja kuinua kiriba, maji meusi yalikuwa yamejaa nusu ya chungu, yananuka kama mtaro wa Kariakoo baada ya mvua, na mizizi ikabaki mkononi mwangu kama tambi zilizolala. Mmea uliozama na mmea wenye kiu hufanana juu: yote hunyauka, yote huwa na njano. Tofauti iko chini, na mimi sikuwahi kutazama chini.

Siku hizi natumia kijiti cha mshikaki. Kichomeke kwenye udongo pembeni mwa chungu hadi karibu na kitako, subiri dakika kumi, kichomoe. Kikitoka na unyevu na udongo umenata kuanzia sentimita tano kushuka, acha. Kikitoka kikavu hapo juu na unyevu kidogo tu chini, mwagilia. Kwa areka yangu ya sasa, iliyo kwenye chungu cha lita kumi, hiyo huwa kama kila siku ya nne wakati wa joto la kaskazi na kila siku ya saba au nane mwezi wa saba. Yako itakuwa na ratiba yake, usinakili yangu.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Mimina taratibu udongo wote ulowe, maji yatoke chini, kisha baada ya robo saa mwaga yaliyotuama kwenye sahani. Kikombe kimoja kila siku ni ubaya mara mbili: juu panaloa, chini pana kiu au pana ziwa, na chumvi haioshwi kamwe.

Chumvi ndiyo inayounguza ncha za majani kuwa kahawia, hasa za areka. Maji ya visima vingi vya Dar, Mombasa na Unguja yana ladha yake, unaijua ukisukutua. Mmea nao unaijua. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, ni hiyo. Kwa wenzetu wa Arusha na Nakuru tatizo ni floraidi, ileile inayopaka meno rangi. Jamii hii inaiona haraka nchani mwa majani. Kulaza maji ya bomba usiku kunapunguza klorini, na si vibaya, ila hakuondoi chumvi wala floraidi. Kuyachemsha kunazizidisha, maana maji yanapaa na zenyewe zinabaki.

Dawa ni mvua. Masika na vuli weka ndoo chini ya bati, ila ile mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la paa. Madumu manne ya lita ishirini yananivusha muda mrefu kwa mimea mitatu. Usipokuwa na nafasi ya kuhifadhi, basi kila baada ya miezi miwili peleka chungu bafuni, kipitishie maji matamu mengi, kama mara tatu ya ujazo wa chungu chenyewe, yatiririke hadi yatoke meupe. Mvua ikinyesha bila upepo, mimi huutoa mmea kibarazani ulale nje. Asubuhi utaukuta umenyanyua makuti kama mtu aliyetoka kuoga.

Hewa kavu ni jambo jingine. Mjini pwani hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha. Kinachoikausha ni kiyoyozi. Sogeza mmea pasipopulizwa moja kwa moja. Kunyunyizia majani kila saa kwa chupa ya dawa ya nywele ni mazoezi ya mkono tu, unyevu wake unaisha kwa dakika chache.

Hatua ya tano: chakula

Miezi miwili ya kwanza usitie kitu. Baada ya hapo, mbolea ya NPK 17-17-17 inatosha ukiitumia kwa ubahili: nusu kijiko cha chai kwenye lita tano za maji, ilale usiku iyeyuke, umwagilie mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Mwezi wa sita hadi wa nane nyanda za juu, acha kabisa.

Majivu ya jikoni yana potasi, ni kweli, na shambani yana kazi. Kwenye chungu yanageuza udongo kuwa mkali na yanaongeza chumvi ileile unayopigana nayo. Maji ya kuoshea mchele nayo yaache. Yanaleta vijidudu vyeusi vinavyoruka usoni ukitazama taarifa ya habari.

Hatua ya sita: soma kuti kabla ya kushika mkasi

Kuti kongwe la chini kabisa likigeuka njano lote na kukauka wakati la katikati linatoka vizuri, huo ni uzee. Ngoja likauke kabisa, ukate karibu na shina, usilinyofoe.

Makuti ya chini yakiwa na madoadoa ya njano au rangi ya chungwa, ncha zikikauka, mmea una njaa ya potasi. Hapa watu wanakosea: wanakata makuti hayo kwa sababu yanachukiza. Mmea unanyonya potasi kutoka humo kulisha kuti jipya. Ukiyakata, unahamia kunyonya yanayofuata juu, na ukiendelea kukata utabaki na mfagio. Yaache, rekebisha mbolea.

Makuti ya chini yakiwa na njano pana pembeni na kijani katikati kando ya ule uti ambao tungeutoa chelewa, hiyo ni magnesi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya Epsom, ya duka la dawa, kwenye lita nne za maji, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Kuti lililokwisha kuwa hivyo halirudi kijani, tazama yatakayokuja.

Makuti mapya yakiwa njano na ya zamani mazima, kagua mizizi. Mara nyingi imekosa hewa.

Ncha za kahawia unaweza kuzipunguza kwa mkasi mkali ukifuata umbo la jani, lakini bakisha uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata hadi kwenye kijani, jeraha jipya litakauka palepale.

Vumbi lifute kwa kitambaa chenye maji, mkono mmoja ukiwa chini ya jani. Kuna wanaopaka mafuta ya nazi yang'ae. Yanang'aa kweli, kwa siku mbili, kisha yanashika vumbi lote la mtaa.

Hatua ya saba: wageni wasioalikwa

Adui mkubwa ndani ni utitiri mwekundu, mdogo kuliko chembe ya chumvi. Jani linapauka kama limepakwa majivu, na chini yake kuna utando mwembamba. Weka karatasi nyeupe chini ya kuti, ligonge. Vidoa vikianza kutembea, umewapata. Peleka mmea bafuni, piga maji ya nguvu chini ya majani, kisha nyunyiza maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja. Rudia kila baada ya siku tano, mara nne, kwa kuwa mayai hayasikii sabuni. Fanya jioni, si juani.

Vidung'ata ni zile pamba nyeupe kwenye maungio ya mabua. Wadudu gamba ni vile vifuniko vya kahawia vilivyoganda kama ngozi ya kidonda. Wote watoe kwa pamba yenye spiriti, kimoja kimoja, kisha mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni. Mmea wenye wadudu utenge na wenzake siku hiyohiyo.

Kuhusu ile habari kwamba areka inasafisha hewa ya nyumba: imetokana na majaribio ya NASA yaliyochapishwa 1989, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha kwamba nyumbani ungehitaji mimea isiyopungua kumi kwa kila mita ya mraba kuifikia kazi ya dirisha lililo wazi. Fungua dirisha.

Ukitaka kuanza na mbegu

Mbegu za kentia zinaweza kukaa karibu mwaka bila kuota, sina subira hiyo. Kokwa za tende zipo bure kila Ramadhani. Chukua kumi, zisugue hadi utamu wote utoke, la sivyo zitaota ukungu. Ziloweke siku mbili ukibadilisha maji. Zifunge kwenye karatasi laini iliyolowa na kukamuliwa, uzitie ndani ya kopo lenye kifuniko, uliweke juu ya friji penye joto. Kagua kila wiki. Baada ya wiki tatu hadi sita mzizi mweupe utachomoza, na unakwenda chini moja kwa moja, hivyo pandia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kutobolewa kitako, sio kwenye kikombe. Kitakachotoka kwanza ni unyasi mmoja mwembamba. Usiung'oe ukidhani ni gugu. Mwanangu aling'oa sita kati ya nane akinisaidia kupalilia. Itakaa na majani ya aina hiyo muda mrefu kabla ya kuanza kuchana, na tofauti na areka, hii inataka jua lote la kibarazani. Tende haitazaa chunguni, na miiba itakuja. Miwili yangu iliyobaki sasa inafika magotini.